Msee, shida si bando, ni waya

Jamaa yangu ana cyber ndogo Roysambu, kompyuta sita, na jioni vijana wa mtaa hujaa hapo kucheza gemu. Juzi alikuwa tayari kulipia bando kubwa ya intaneti kwa sababu eti mashine "zinakokota". Nikamwambia ngoja kwanza, bro. Kuhamisha gemu ya gigabaiti 50 kutoka mashine moja hadi nyingine kulikuwa kunamla zaidi ya saa nzima, na kazi hiyo haigusi intaneti hata kidogo. Inaishia humo humo chumbani.

Piga hesabu. Baiti moja ni biti nane. Laini ya megabiti 100 kwa sekunde, gawa kwa nane, unapata megabaiti 12.5. Hapo gemu hiyo inakula kama dakika 67. Laini ya gigabiti moja inaimaliza chini ya dakika kumi, bora diski isiwe imezeeka.

Cha kushangaza, swichi yake ilikuwa ya gigabiti. Kompyuta pia. Tulipofungua vichwa vya waya ndipo tukaona: fundi alikuwa ameunganisha nyuzi nne kati ya nane. Etha-neti ya megabiti 100 hutosheka na nne. Ya gigabiti, ambayo imekuwepo tangu 1999, inataka zote nane, na ikizikosa inashuka hadi 100 kimyakimya. Hakuna onyo.

Usiuziwe waya ya bei mbaya pia. Cat5e inabeba gigabiti hadi mita 100. Cat6 inaweza kufika gigabiti 10 kwa mita kama 55, lakini kwa chumba cha mashine sita, hizo ni mbwembwe. Epuka tu ile ya alumini iliyopakwa shaba.

Na wifi? Kwa simu, poa. Lakini ile namba kubwa kwenye boksi la ruta mnagawana wote mlioingia. Kwa 2.4 GHz kuna chaneli tatu tu zisizogongana, 1, 6 na 11, na kwenye ploti kila jirani ana ruta yake. 5 GHz ina kasi, ila ukuta wa mawe unaimaliza nguvu.

Kwenye Windows, ingia mipangilio ya mtandao uangalie spidi ya laini. Ikisoma 100/100 na vifaa vyako ni vya gigabiti, anza na waya.

Jamaa alibana vichwa vipya jioni hiyo. Gemu ikahama kwa dakika tisa. Pesa ya bando akanunua kiti cha sita, maana mmoja alikuwa anachezea kwa kreti ya soda.