Mafua Yazibapo Masikio

Fungueni ukurasa huu, na kila mmoja afuate maneno kwa kidole huku akisikiliza. Leo tutajifunza kwa nini mafua huziba masikio, na jinsi ya kujisaidia nyumbani.

Mtu akishikwa na mafua hupiga chafya, hutokwa na kamasi, na pua huziba. Baada ya siku mbili tatu husema, "Sikio langu limejaa. Nasikia kama niko ndani ya mtungi." Wengi hudhani kwamba ugonjwa umehamia sikioni, wakatafuta dawa ya kutia sikioni. Sivyo. Mlango wa ugonjwa huo uko puani.

Sikiliza vizuri. Ndani ya sikio mna ngozi nyembamba, iliyowambwa kama ngozi ya ngoma. Ngozi hiyo huitwa kiwambo cha sikio. Sauti ikikipiga kiwambo, hutetemeka, nasi tukasikia. Nyuma ya kiwambo mna chumba kidogo chenye hewa. Kutoka chumba hicho mpaka nyuma ya pua, upo mrija mwembamba. Kwa mtu mzima urefu wake ni kama sentimita 3 na nusu. Bartolomeo Eustachi, daktari wa Italia aliyefariki mwaka 1574, aliueleza mrija huo, na mpaka leo madaktari huuita kwa jina lake.

Mrija hufunguka unapomeza mate au kupiga miayo. Kama umewahi kushuka kwa basi kutoka Lushoto mpaka Mombo, wajua habari hii: masikio huziba, ukameza mate, yakazibuka ghafula. Basi mafua huuvimbisha mrija huo. Hewa haipiti, na majimaji hukusanyika nyuma ya kiwambo. Ngoma iliyojaa maji hailii vizuri. Mrija wa mtoto ni mfupi tena umelala, kwa hiyo watoto hupatwa zaidi.

Mambo ya kufanya nyumbani

Mafua hayana dawa ya kuyakata. Huondoka yenyewe, mara nyingi katika siku 7 hadi 10. Kazi yetu ni kuisaidia pua iwe wazi.

1. Penga kamasi polepole, tundu moja kwanza, kisha la pili. Ukibana pua na kupenga kwa nguvu, waweza kusukuma uchafu mpaka sikioni.

2. Chemsha maji, yaache yapoe. Katika kikombe kimoja koroga chumvi, robo ya kijiko cha chai. Tia matone machache katika kila tundu la pua, kisha penga. Usitie puani maji yasiyochemshwa.

3. Kunywa vitu vya vuguvugu: chai ya tangawizi, supu, au maji ya ndimu na asali. Havitibu mafua, lakini hulainisha koo, na kule kumeza hufungua mrija. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali.

4. Lala kichwa kikiwa juu kidogo. Mtoto naye anyonye kichwa kikiwa juu. Kaeni mbali na moshi wa kuni na wa tumbaku.

Jambo la kuacha

Usitie kitu sikioni: si mafuta ya moto, si maji ya kitunguu, si mafuta ya taa. Usichokoe kwa njiti wala kwa unyoya. Kiwambo kikiwa kizima, dawa hizo hazifiki penye ugonjwa. Kikiwa kimetoboka, hupeleka madhara ndani.

Wakati wa kwenda zahanati

Sikio likiuma pamoja na homa, nenda. Likitoa usaha, lifute kwa kitambaa safi na kikavu kilichosokotwa, maji yasiingie, kisha nenda. Usaha ukitoka siku 14 au zaidi umekuwa sugu, na waweza kuharibu kusikia. Ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mtu akipoteza kusikia ghafula bila mafua, naye asingoje.

Neno la mwisho ni la wazazi. Mafua yakiisha, majimaji yaweza kubaki nyuma ya kiwambo majuma mengi bila maumivu. Mtoto halii, ila hasikii vizuri. Huitwa mara tatu asiitike. Darasani hafuati somo. Watu husema ni mkaidi, naye hupigwa kwa kosa lisilo lake. Kabla ya kumpiga, simama nyuma yake, umwite kwa sauti ndogo. Asipogeuka, mpeleke akapimwe masikio.

Maswali ya darasa

1. Mrija wa sikio hutoka wapi, na huishia wapi?
2. Kwa nini tusitie dawa sikioni mtu anapozibwa na mafua?
3. Taja dalili tatu za kumpeleka mgonjwa zahanati au hospitali.