Maji meupe, iko safi kweli?

Bandugu watumikaji, na nyinyi bamama ku nyumba, mu mikutano ya sendika ulizo moja linarudi kila mara: «Maji ya mto iko meupe, juu ya nini munatukataza kuinywa?»

Wale wanaotumika mu konsantrateri wanajua tanki kubwa la kutulizia. Matope inaingia, tunatia dawa, vumbi inashikamana, inakuwa nzito, inashuka. Izine ya maji ya kunywa inafanya vile vile. Kinshasa, izine ya Regideso ya N'djili inakamata maji ya mto yenye udongo. Wanatia sulfati ya alumini. Vumbi ya udongo ni ndogo sana, na kila moja inasukuma mwenzake. Ukiiacha peke yake itaelea siku nyingi. Dawa inaondoa kule kusukumana, vumbi inajifunga mafungu kama pamba, inashuka mu beseni. Kiisha maji inapita katikati ya mchanga, nao unashika yaliyobaki. Mwisho klori, inaachwa nusu saa ao zaidi, iue mikrobi ya kolera na tifoidi. Kidogo inabaki ndani, kama miligramu 0,2 mpaka 0,5 mu litri moja, ya kulinda maji njiani. Njo ile harufu bamama wanalalamikia. Musiiogope. Muogope zaidi siku tiyo imepasuka na kuraa imekatika: maji ikikosa nguvu, uchafu wa mufereji unaingia mu tiyo.

Hapa Lubumbashi maji mingi inapigwa toka chini ya ardhi, kama kule Kimilolo. Mwamba umekwisha kuichuja, matope ni kidogo, klori inafanya sehemu kubwa ya kazi.

Sasa tufike ku jambo letu, watu wa mine. Shaba na kobalti zilizoyeyuka haziko matope. Zinapita mu mchanga kama sukari mu chai, na klori haiziondoi. Ku izine yetu tunazishusha na chokaa: tunaongeza chokaa mpaka asidi inaisha, metali inageuka matope. Izine ya kawaida ya maji ya kunywa haikujengwa kwa kazi ile. Na kuchemsha? Kunaua mikrobi, ndiyo, ila mvuke inakwenda, metali inabaki mu sufuria. Mu 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kama walikuta kobalti mingi mu mikojo ya watu wanaoishi karibu na mine na izine za Katanga. Batoto pia.

Njo maana tuliomba kampuni moja itupe karatasi ya vipimo vya maji ya kampi. Walituletea: mikrobi, hakuna, rangi, nzuri. Mustari wa kobalti haukuwamo, wa risasi haukuwamo. Tuliirudisha siku ile ile, na barua juu yake. Jibu halijafika. Kwa sasa, wenye visima karibu na bwawa la mabaki ya izine, maji ile iwe ya kufagilia lupango tu; ya kunywa na ya kupikia muchote ku robine, hata kama mustari ni murefu.