Boila ya chai imegoma? Kagua haya kabla ya kumwita fundi

KWA anayeuza chai, saa kumi na mbili asubuhi ndiyo saa ya pesa. Watu wa boda, makanga na wafanyakazi wa mjengo wanataka kikombe cha moto na mandazi mawili, kisha waende zao. Boila ikigoma saa hiyo, hawangoji. Wanavuka barabara kwa jirani, na wengine hawarudi.

Vijana wengi mjini wameacha makaa na kununua boila ya stima ya lita 20 au 30. Ni biz poa, hadi siku taa inawaka lakini maji yanabaki baridi. Hapo mtu hukimbilia bisibisi. Tulia kwanza. Hitilafu nyingi ni ndogo, na unaweza kuzigundua bila kufungua chochote.

Kabla ya kugusa, chomoa plagi, acha chombo kipoe, kisha mwaga maji. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

Anzia ukutani

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile. Ikikataa, shida si boila. Ikikubali, kagua fyuzi ndani ya plagi. Boila ya wati 2,500 hula zaidi kidogo ya ampea 10 kwenye stima ya volti 240, ndiyo maana huwekewa fyuzi ya ampea 13. Usiweke waya wala karatasi ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi. Kitakachoungua baadaye ni kibanda.

Je, plagi ni moto ukiishika, au ina alama nyeusi? Soketi imelegea, ama ekstenshoni ina waya mwembamba usioweza kubeba mzigo huo. Boila ichomekwe ukutani moja kwa moja.

Imejizima yenyewe

Maji yakikauka, swichi ya usalama hukata stima ili koili isiungue. Boila nyingi zina kitufe kidogo upande wa chini cha kuirejesha. Acha ipoe, tia maji, bonyeza.

Ikikata tena, angalia ndani. Mara nyingi mkosaji ni maziwa. Boila nyingi za aina hii zimeundwa kwa maji tu. Maziwa na sukari huganda kwenye koili, huungua, na joto hupanda kupita kiasi. Chemsha maji kwenye boila, maziwa kwenye sufuria, kisha changanya kwenye thamosi.

Ukoko mweupe wa maji ya chumvi ya kisima huleta shida hiyo hiyo. Changanya siki kiasi kimoja na maji viasi viwili, funika ukoko, pasha moto kidogo na uache kwa saa moja. Sugua kwa sponji, si kwa steelwool. Suuza, chemsha maji matupu na uyamwage.

Inachemka polepole

Chukua saa upime. Kwa wati 2,500, lita 20 za maji baridi huchemka kwa dakika 40 hadi 50. Ikipita saa nzima, huenda stima ya mtaa ni dhaifu. Volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, nguvu ya koili hupungua kwa karibu theluthi moja. Hapo hata boila mpya haitakusaidia.

Haiachi kuchemka

Nairobi iko juu, kwa hivyo maji hapa huchemka yakifika nyuzi 94 au 95 hivi, si 100 kama Mombasa. Ukiweka thamostati kwenye 100, boila haitafika hapo kamwe. Itaendelea kutokota na kumeza tokeni. Maji yakishachemka, teremsha hadi 85 au 90.

Inakupiga shoti

Hapa hakuna kujaribu. Chomoa na usiitumie tena hadi itengenezwe. Huenda koili imepasuka na stima inavuja kwenye maji.

Kuna wanaokata waya wa athi, ule wa kijani na njano, ili breka isianguke. Breka itatulia kweli, lakini stima bado inavuja, na sasa haina pa kwenda ila kwenye mwili wa anayeshika mfereji wa boila. Anaweza kuwa wewe au mteja. Vilevile usikubali mtu aunganishe nyaya kwa kuruka swichi ya usalama.

Fundi mzuri hupima kwanza. Koili nzima ya wati 2,500 husoma kama ohm 23. Mita isiposoma kitu, koili imekatika na inabadilishwa. Kama shida ni nyaya za kibanda, tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA.

Wakati huo, weka fyuzi ya akiba na sufuria kubwa karibu na gesi. Wateja wa saa kumi na mbili watakuja tu.