Mkono Usiobembea

Daktari wa kituo cha afya mtaani Majengo au Ndosho, mjini Goma, hahitaji skana ili aushuku ugonjwa wa Parkinson. Amwambie mgonjwa agonganishe kidole gumba na cha shahada upesi upesi, bila kupumzika. Mwenye Parkinson huanza vizuri, kisha vidole vinafunguka kidogo kidogo zaidi, vinapungua kasi, vinasita. Amtazame akitembea kwenda mlangoni: hatua ni fupi na mkono mmoja haubembei. Uzito huo wa mwendo ukiambatana na viungo vilivyokakamaa, au na mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika pajani, shaka ina msingi. Wapo pia wasiotetemeka kabisa, na hao ni rahisi kurudishwa nyumbani na dawa za baridi yabisi.

Ushahidi wa karibu unatoka wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro. Katika miaka ya 2000 watafiti walipita huko nyumba kwa nyumba, na zaidi ya robo tatu ya wagonjwa waliowakuta walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaugua nini. Sioni sababu ya kuamini kwamba Goma inawatambua wagonjwa wake vizuri zaidi. Mzee akipunguza mwendo tunasema ni uzee. Uso ukikosa tabasamu, watu wanaanza kunong'ona kwamba amelogwa. Halafu kuna swali ambalo daktari asiliruke kamwe: mgonjwa anameza dawa gani? Haloperidoli ya maradhi ya akili, au metoklopramidi ya kuzuia kutapika ikitumiwa kwa muda mrefu, huleta dalili zilezile. Aliyeiandika akikubali kuisimamisha au kuibadilisha, wengi hupata nafuu baada ya wiki au miezi, bila kununua kidonge kingine.

Kuna watakaosema kwamba mji ulioingia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, uwanja wake wa ndege ukafungwa, una majeraha ya risasi na kipindupindu vya kushughulikia kwanza. Ni kweli, lakini mgonjwa huyu tayari yuko kwenye foleni ya kituo, na tayari analipia dawa zisizomfaa. Pingamizi zito zaidi ni la levodopa, dawa kuu ya Parkinson: imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ila kuwa kwenye orodha si kuwa kwenye rafu ya famasi. Ndiyo maana daktari anapaswa kuulizia akiba kabla ya kuianzisha, maana kuikatiza ghafla kunaweza kuleta homa kali na ukakamavu unaoua. Aeleze imezwe nusu saa kabla ya chakula, kwa kuwa protini ya maharage na samaki wa sambaza huizuia kufanya kazi vizuri. Hata dawa isipopatikana, mazoezi ya kila siku na ua lililosafishwa mawe ya volkeno hupunguza kuanguka. Anayeanguka mapema mno, au asiyepata nafuu kwa dozi ya kutosha, huyo ndiye wa kutafutiwa mtaalamu wa neva, hata kama yuko Kigali.