Mizani Bila Maneno: Shakespeare katika Muziki wa Duke Ellington

Mjadala kuhusu uhamishaji wa tamthilia kutoka lugha moja hadi nyingine aghalabu hujikita katika maneno. Tamthilia za William Shakespeare zimeingia katika Kiswahili kwa njia hiyo: Julius Nyerere alitafsiri *Julius Caesar* (1963) na *Mabepari wa Venisi* (1969), naye S. S. Mushi akatoa *Makbeth* (1968) na *Tufani* (1969). Swali lenye uzito uleule ni hili: je, mizani ya mtunzi huishia wapi?

Jibu moja limo katika *Such Sweet Thunder*, mfululizo wa vipande 12 vya muziki wa jazi uliotungwa na Wamarekani Duke Ellington na Billy Strayhorn. Mwaka 1956 okestra ya Ellington ilitumbuiza katika tamasha la Shakespeare mjini Stratford, Ontario, nchini Kanada, na ziara hiyo ndiyo iliyozaa kazi hii. Ilipigwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Town Hall, New York, tarehe 28 Aprili 1957.

Katika baadhi ya vipande, ala huvaa uhusika. Saksafoni ya Johnny Hodges ni Juliet na ya Paul Gonsalves ni Romeo. Tromboni tatu ni wachawi wa *Macbeth*. Hata hivyo, linalomhusu zaidi mwanafunzi wa ushairi ni vile vipande vinne vinavyoitwa soneti, kikiwemo kimoja cha Kaisari kinachoongozwa na klarineti ya Jimmy Hamilton. Soneti ya Kiingereza ina mishororo 14, na kila mshororo una silabi 10. Ellington aliugeuza mshororo kuwa kifungu cha muziki na silabi kuwa noti: vifungu 14, kila kimoja noti 10. Hakuna neno linalotamkwa, lakini umbo la soneti limebaki kamili.

Msomaji aliyelelewa katika ushairi wa Kiswahili haoni ugeni hapo. Huhesabu mizani 8 katika mshororo wa utenzi na 16 katika ule wa shairi, na hujua kuwa utungo ulioyumba mizani haughaniki vyema. Tofauti iko katika mkazo. Mshororo wa Shakespeare hupandisha na kushusha sauti silabi kwa silabi, ilhali mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na maneno yenyewe mara nyingi ni marefu. Kwa sababu hiyo, mfasiri anayeshikilia maana hulazimika kuuacha mwendo ule wa asili au kubuni mwingine. Ellington, aliyeyaacha maneno, aliweza kuihifadhi hesabu.

Ni dhahiri, basi, kwamba uhakiki wa tafsiri unaopima maneno peke yake hupima nusu ya kazi. Tafsiri za Nyerere na Mushi zinastahili pia kusomwa kwa sauti, mshororo baada ya mshororo, ili ibainike ni mwendo gani mpya uliowekwa mahali pa ule wa Shakespeare.