Karate ya Okinawa: Mazoezi Yasiyo na Fainali

Karate ni sanaa ya kujihami iliyozaliwa Okinawa, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Ryukyu, kusini mwa Japani. Vijana wengi wa Mwanza huijua kwanza kupitia filamu za vibanda umiza, ambamo mtu mmoja huangusha genge zima kwa mateke. Karate ya jadi ya Okinawa ina lengo jingine. Anayejifunza hupambana kwanza na woga wake, hasira yake, uvivu wake na majivuno yake, na pambano hilo humalizika siku anapokufa.

Ryukyu ilikuwa dola la kifalme lililofanya biashara na China, Japani na nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia. Mwaka 1609 ilivamiwa na jimbo la Satsuma kutoka Japani, na mwaka 1879 Japani iliufuta ufalme huo na kuifanya Okinawa mkoa wake. Katika karne hizo mbinu za wenyeji za kupigana kwa mikono zilichanganyika na za Wachina. Zilistawi katika sehemu tatu zilizopakana: Shuri, makao ya mfalme, Naha, mji wa bandari, na Tomari. Mwalimu alikuwa na wanafunzi wachache, akawafundisha nyumbani kwake, mara nyingi kwa faragha.

Aliyeitoa karate faraghani ni Anko Itosu wa Shuri. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliiingiza katika shule za Okinawa, na mwaka 1908 aliandika waraka wenye hoja kumi kuitetea. Humo alieleza kwamba karate haikusudiwi kujenga mwili tu wala kumshinda mpinzani mmoja, na kwamba mwenye ujuzi ajitahidi kuepuka kuumiza watu. Alionya pia kuwa haijifunzwi kwa pupa: anayefanya mazoezi saa moja au mbili kila siku ataona mabadiliko baada ya miaka mitatu au minne.

Huko Naha, Kanryo Higaonna, aliyekuwa amejifunza Fuzhou nchini China, alimfundisha Chojun Miyagi, aliyezaliwa mwaka 1888. Miyagi ndiye mwanzilishi wa Goju-ryu, mtindo unaounganisha ugumu na ulaini: ngumi inayokaza na mkono unaopokea, pumzi inayosukumwa na pumzi inayoachiwa. Mtindo huo ulisajiliwa Japani mwaka 1933. Vita vya Okinawa vya mwaka 1945 vilimpokonya Miyagi baadhi ya watoto wake, pamoja na Jin'an Shinzato, mwanafunzi aliyetarajiwa kumrithi. Hata hivyo alirudi kufundisha, na aliendelea hadi alipofariki mwaka 1953. Wanafunzi wake ndio walioifikisha Goju-ryu katika mabara mengine.

Kiini cha mafunzo ni kata, yaani mfululizo wa hatua, vizuizi, ngumi na mateke uliopangwa na kurithishwa kutoka kwa mwalimu hadi mwanafunzi. Goju-ryu ina kata 12 tu. Mojawapo, Sanchin, ni ya hatua chache za polepole, mwili ukiwa umekazwa na pumzi ikivutwa kutoka tumboni. Mwalimu humzunguka mwanafunzi, akimpiga kwa viganja mabegani na mapajani kupima kama mkao wake na akili yake vimetulia. Mtoto wa darasa la nne hufanya Sanchin, na mzee wa miaka 70 hufanya Sanchin hiyohiyo. Kwa kuwa kata haibadiliki, humwonyesha mtu jinsi yeye mwenyewe alivyobadilika tangu mwaka jana.

Mazoezi ya kujenga nguvu hutumia vifaa vya kawaida. Chi-ishi ni jiwe au donge la saruji lililochomekwa mpini wa mti. Nigiri-game ni mitungi inayobebwa kwa kushika midomo yake kwa ncha za vidole, huku mchanga ukiongezwa kadiri mshiko unavyokomaa. Makiwara ni nguzo iliyofungwa kamba au kitambaa kwa ajili ya kupigwa ngumi. Saruji, mti, mitungi na mchanga havina shida Mwanza, hivyo asiye na fedha za kulipia jimu naye anaweza kuanza.

Tabia hujengwa kwa mambo madogo yanayorudiwa. Mwanafunzi huinama anapoingia dojo, yaani mahali pa mazoezi, na anapotoka, hufagia sakafu, humsikiliza aliyemtangulia na humsaidia anayemfuata. Gichin Funakoshi, Mwokinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, alisisitiza kuwa karate huanza na kumalizika kwa adabu, na kwamba mwanakarate hatangulii kushambulia. Kata nyingi nazo huanza kwa kizuizi.

Mikanda ya rangi haikuwapo zamani. Ilichukuliwa kutoka judo ya Jigoro Kano. Mkanda mweusi wa daraja la kwanza humaanisha kwamba mtu amejua misingi na sasa anaweza kuanza kujifunza kwa kina. Mashindano nayo yalikuja baadaye. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Ryo Kiyuna wa Okinawa alitwaa dhahabu ya kata. Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 haikuwa na karate, lakini dojo za jadi hazikupungukiwa na kitu, kwa kuwa hazikuanzishwa kutafuta medali.

Goju-ryu ilifika Tanzania katika miaka ya 1970, wakati siasa za Mwalimu Nyerere zikiwavuta Wamarekani Weusi kuja kuishi nchini. Mmoja wao, Nantambu Camara Bomani, alianza kufundisha Dar es Salaam, na dojo ya Zanaki ikawa chimbuko la walimu wengi wa Kitanzania.

Kwa mkazi wa kando ya Ziwa Victoria, nidhamu ya kujifunza kwa muda mrefu chini ya mwalimu si ngeni. Ngoma za Bagika na Bagalu za Wasukuma zimerithishwa hivyohivyo, manju akiwanoa wafuasi wake msimu hadi msimu. Tofauti ni kwamba Bagika na Bagalu hushindania mashabiki uwanjani, ilhali kata hukamilika hata pasipo mtazamaji. Mvuvi aliyetoka ziwani au machinga kabla ya kupanga bidhaa anaweza kuifanya kwa dakika 20 mahali penye nafasi ya hatua chache.

Anayetaka kujiunga, au mzazi anayetaka kumpeleka mwanawe, amchunguze mwalimu kwanza. Amuulize alijifunza kwa nani, atazame anavyowatendea wanafunzi wadogo na wasichana, na aone kama wakongwe wa dojo bado wanafanya mazoezi. Vyama vya michezo nchini husajiliwa chini ya sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, na maofisa michezo wa Nyamagana na Ilemela, Mwanza, wanaweza kuulizwa kuhusu vilabu vya maeneo yao. Mwalimu anayeahidi mkanda mweusi kwa miezi michache aepukwe.