Imani Fiche na Mwenendo wa Mzungumzaji: Nafasi ya Kiswahili katika Nafsi ya Msomi Mkenya

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mazoea yana taabu. Mwanafunzi wa Kiswahili ambaye asubuhi amepatana bei ya nyanya sokoni kwa Kiswahili fasaha, huingia katika benki adhuhuri na kujikuta akizungumza na karani kwa Kiingereza. Hakuna aliyemwamuru kufanya hivyo. Akiulizwa ni lugha gani anayoienzi zaidi, atajibu bila kusita kuwa ni Kiswahili, wala hatakuwa anasema uongo. Hata hivyo, kati ya jawabu lake na tendo lake pana pengo, na katika pengo hilo ndimo zinamojificha imani ambazo mtu anazo bila kujua kuwa anazo.

Makala haya yanadhamiria kueleza chimbuko la imani fiche, jinsi zinavyoongoza mwenendo na namna zinavyoweza kubadilishwa. Hoja kuu ni kwamba imani fiche hubainika kwa matendo wala si kwa maneno. Kwa sababu hiyo haiondolewi kwa kaulimbiu, bali kwa matendo mapya yanayorudiwa hadi yakawa mazoea.

Ushahidi wa Imani Fiche

Uchunguzi mashuhuri kuhusu suala hili ulifanywa na mwanasaikolojia Wallace Lambert na wenzake huko Montreal, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1960. Wanafunzi walisikilizishwa sauti zilizosoma kifungu kimoja, mara kwa Kifaransa, mara kwa Kiingereza, kisha wakatakiwa kuwakadiria wasomaji kwa sifa kama vile akili, uaminifu, na hata kimo na sura. Wasichokijua ni kwamba sauti zilizokuwa zikilinganishwa zilikuwa za watu wale wale, kila mmoja akisoma kwa lugha zote mbili. Msomaji alipotumia Kiingereza alidhaniwa kuwa na akili zaidi, na hata kuwa mrefu zaidi, kuliko alipotumia Kifaransa. La kustaajabisha ni kuwa wanafunzi ambao Kifaransa kilikuwa lugha yao ya kwanza nao walikipendelea Kiingereza katika sifa nyingi.

Wanafunzi hao hawakuwa wameketi na kuamua kuidharau lugha yao. Walipokea tathmini hiyo kutoka kwa jamii ambamo Kiingereza kilikuwa lugha ya wenye mali na vyeo, nayo ikatulia mioyoni mwao bila kubisha hodi.

Chimbuko la Imani Hizi nchini Kenya

Imani fiche kuhusu lugha huingia katika nafsi ya Mkenya kwa njia tatu kuu. Ya kwanza ni adhabu. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, alieleza jinsi wanafunzi wa enzi ya ukoloni walivyochapwa au kuvishwa kibao cha kuwaaibisha walipopatikana wakizungumza Kikuyu shuleni. Desturi hiyo haikufa na ukoloni. Vizazi vya baada ya uhuru navyo vilikijua kipande kilichoitwa "disiki" au "monto", alichobebeshwa aliyeteleza ulimi. Mtoto husahau siku aliyoadhibiwa, lakini funzo alilopata hubakia: kwamba lugha fulani ni kosa. Ndiyo maana husemwa samaki mkunje angali mbichi.

Njia ya pili ni ratiba. Kabla ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, Kiswahili hakikutahiniwa katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ingawa ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilikuwa imependekeza kipewe nafasi hiyo. Hakuna mwalimu aliyehitaji kusema kuwa somo lisilotahiniwa halina thamani. Mwanafunzi aliliona hilo mwenyewe.

Ya tatu ni ukimya. Pale ambapo fomu za ofisini, maagizo ya dawa na mikataba ya kazi huandikwa kwa Kiingereza pekee, mtu hujifunza kwamba mambo mazito yana lugha yake, na mambo mepesi yana lugha yake.

Jinsi Imani Inavyojithibitisha

Mnamo mwaka 1948 mwanasosholojia Robert Merton alieleza dhana ya utabiri unaojitimiza, yaani imani isiyo ya kweli inayowafanya watu watende kwa namna inayoifanya hatimaye kuwa kweli. Dhana hiyo inaoana barabara na hali ya Kiswahili. Msomi anayeamini moyoni kuwa Kiswahili hakimudu sayansi haandiki sayansi kwa Kiswahili. Kwa kuwa haandiki, istilahi hazizoeleki masikioni. Kisha hutumia ugeni wa istilahi hizo kama ushahidi wa imani yake. Ilhali Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na neno kama "usanisinuru" si gumu kuliko lile la Kiingereza lenye asili ya Kigiriki. Ugeni wa neno si upungufu wa lugha. Ni upungufu wa matumizi.

Ni vyema kutahadhari hapa. Si kila anayechagua Kiingereza anaongozwa na imani fiche. Mwenye kuandikia wasomaji wasiojua Kiswahili ana sababu ya haki. Kipimo ni swali moja: je, mtu huyo angechagua lugha ile ile iwapo angekuwa na hakika kwamba hakuna atakayemdharau?

Njia za Kuzibadilisha

Tafiti za miaka ya karibuni zimewavunja moyo wanaotafuta njia ya mkato. Mwaka 2016 Calvin Lai na wenzake walichapisha uchunguzi wa mbinu tisa za kupunguza upendeleo fiche wa kimbari. Zote zilifanya kazi papo hapo, lakini hakuna iliyodumu zaidi ya saa au siku chache. Mwaka 2019 uchanganuzi wa karibu tafiti 500, ulioongozwa na Patrick Forscher, ulionyesha kuwa kubadilisha vipimo vya mielekeo fiche si lazima kubadilishe mwenendo. Ingawa tafiti hizo hazikuhusu lugha za Afrika Mashariki, zinatoa funzo kwamba semina moja haitoshi. Zipo hatua nne zinazoweza kufaa.

Kwanza, mtu ayachunguze matendo yake. Kwa muda wa wiki moja aandike ni wapi alibadilisha lugha, mbele ya nani, na alihofia nini. Daftari hilo litamwambia ukweli ambao kinywa chake hakiujui.

Pili, aweke mpango mahususi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha mwaka 1999 kuwa azimio la jumla huwa dhaifu, ilhali mpango wa aina ya "nikifika mahali fulani, nitafanya jambo fulani" huwa na nguvu. "Nitakienzi Kiswahili" ni matamanio. "Nikifika kwenye dirisha la benki, nitaanza kwa Kiswahili" ni mpango.

Tatu, ajikusanyie ufanisi mdogo mdogo. Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kuwa imani ya mtu katika uwezo wake hujengwa zaidi na mambo ambayo yeye mwenyewe ameyafanya yakafaulu, na vilevile kwa kuwaona watu wa hali yake wakifaulu. Mwanafunzi wa fizikia aliyekwisha kueleza sheria za Newton kwa Kiswahili mbele ya wenzake hawezi tena kuaminishwa kuwa haiwezekani. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, mazingira yabadilishwe. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka 2019 Kanuni za Kudumu za Bunge zilizinduliwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, sheria hufungua mlango tu. Anayepaswa kuingia ni mzungumzaji. Vyama vya wanafunzi vina wajibu maalumu, maadamu chama cha Kiswahili kinachoandika kumbukumbu za mikutano yake kwa Kiingereza huifundisha imani ile ile kinachodai kuipinga.

Hitimisho

Imebainika kuwa imani fiche ni mafunzo yaliyosahaulika mwalimu wake lakini yanayoendelea kutiiwa. Kuzibadilisha hakuhitaji kukichukia Kiingereza, ambacho ni nyenzo yenye manufaa tele. Kunahitaji kumwezesha msomi kuchagua lugha badala ya kuchaguliwa na hofu. Uhuru huo haupatikani kwa siku moja, lakini kila fomu inayojazwa kwa Kiswahili na kila hoja ya kitaaluma inayojengwa kwa lugha hii huidhoofisha imani ya kale na kuipa mpya mahali pa kusimama.